Mwaridi wa Gunvor na Mashahidi Watatu

Duka la Granliden lilishafungwa zamani, ila benchi lake halikupata habari. Bado limeegemea ukuta ule ule wa mbao, linatazama kituo cha basi, na ng'ambo ya barabara linatazama nyumba ya Gunvor, ule ukuta wake wa kusini unaopigwa jua kutwa. Hapo ndipo kijiwe kilipo. Trekta, ambaye mchungaji alimbatiza Rune, hukaa kushoto, maana mwili wake unataka pa kumwagikia. Redio, yaani Evert, hukaa katikati ili asimkose mtu wa kumwambia. Kulia ni Henning, Kipimajoto, mwenye kopo la ugoro, ambaye hawezi kukusalimu kabla hajakutajia nyuzi za alfajiri. Gunvor ndiye mwenye kahawa, nyeusi, iliyochemshwa mpaka ikakasirika, na vipande vya jibini vya kutumbukiza kikombeni. Alikuja huku binti mbichi, ameolewa kutoka Skåne, kule chini kabisa Uswidi inakoishia baharini. Akazaa huku, akazika mume huku. Mpaka leo wanamwita Mkusini.

Siku hiyo ya Julai kahawa aliileta, lakini hakuketi.

— Nyuzi tisa alfajiri, akasema Kipimajoto. Si mbaya.

— Sikukuuliza nyuzi. Niliuliza jana na leo nauliza tena. Mwaridi wangu umekufaje?

Wote watatu wakatazama ng'ambo. Ukutani palikuwa na fimbo za kahawia zilizofungwa kwa kamba, bila jani hata moja, kama watu waliokamatwa kwa kosa wasilolijua.

Mwaridi ule Gunvor alikuja nao ukiwa kijiti, umeviringishwa kwenye gazeti bichi. Alikikata ukutani kwa mama yake asubuhi ya kuondoka, na dada yake mkubwa, Signe, amesimama mlangoni kakunja mikono. Signe alimwambia: unakokwenda hakuoti kitu, usiutese mti wa watu. Tangu siku hiyo hakukanyaga kaskazini. Hupiga simu tu. Kila kiangazi kikianza anapiga kumsimulia lavenda zake, mizabibu yake, mpaka mtini wake, halafu anauliza kwa sauti ya kumpa mtu pole kama huko kwenu theluji imeshatoka. Gunvor akisema mwaridi wa mama umechanua, Signe anacheka puani. Akitaka kumtumia picha, Signe anasema picha ni karatasi, siku moja nitakuja nione mwenyewe.

Basi ndiyo ilikuwa leo. Signe alikuwa kwenye basi, na basi lilikuwa linakuja.

— Baridi, akasema Redio. Umekufa kwa baridi, kesi imefungwa.

Kipimajoto akaruka kama aliyetukaniwa mama.

— Baridi gani? Majira haya ya baridi tumeshuka hasi thelathini na nane, basi. Mwaka ule kisima cha shule kilipopasuka tulishuka hasi arobaini na mbili, na ule mti ukachanua! Usiisingizie baridi, bwana. Baridi haijawahi kuwa na kesi hapa.

— Basi panya, akasema Trekta. Panya wa shambani. Wanapita chini kwa chini, wanakula mizizi.

— Nimechimba, akasema Gunvor. Mizizi haina alama ya jino.

— Panya wa siku hizi hawaachi alama.

— Wanatafunia nini, fizi?

— Cheka tu. Wewe huwajui panya.

Redio akaweka kikombe chini. Redio akiweka kikombe chini, jua taarifa ya habari inaanza.

— Niwaambie jambo ambalo hamtalisikia popote. Ni vile vinu vya upepo vya mlimani. Yale mapanga yakizunguka, ardhi inatetemeka. Wewe husikii, mizizi inasikia. Mti umejilalia zake Januari, unatikiswa: dududududu! Unadhani masika yamefika. Unaamka, unachungulia, giza totoro. Moyo unapasuka.

— Mti hauna moyo, akasema Kipimajoto.

— Wewe ndiye huna.

— Na misonobari yote iliyozunguka hivyo vinu mbona haijapasuka moyo?

— Misonobari ni ya huku huku. Imezoea kudanganywa.

Gunvor akawamiminia tena, kwa mkono uliokuwa mzito kuliko birika. Alijua kikao hiki kinavyokwenda. Hawa wazee waliwahi kubishana kwa majira mazima kuhusu nani alikula keki ya mchungaji, na keki ilikuwa bado kabatini. Lakini leo hakuwa na wa kumuuliza ila wao. Wao ndio wanaokaa hapa kila siku ya Mungu macho yakiwa ukutani kwake.

— Mmesahau ramani, akasema Trekta.

— Ramani gani?

— Ile ya bustani. Si kila mche wa dukani umeandikwa ukanda wake? Skåne ni ukanda wa kwanza, huko ukitupa kifungo cha shati kinaota. Sisi ni wa saba. Juu yetu kuna wa nane, na baada ya wa nane ni mawe na shetani. Sasa nani anaichora? Watu wa Stockholm! Mtu hajawahi kuvaa soksi mbili maishani, anakwambia wewe uko wa ngapi. Nasikia wameichora upya. Kalamu imeteleza hivi, chwa, Granliden tumeangukia wa nane.

— Na mwaridi umeambiwa na nani? akauliza Kipimajoto.

— Haujaambiwa! Ndiyo maana umekufa ghafla.

— Hapana, mimi nasema umekufa kwa kukumbuka kwao, akasema Kipimajoto, na akaanza kukokotoa kwa vidole. Mti wa ukanda wa kwanza ukiuleta wa saba, kila mwaka unadaiwa joto. Deni linapanda. Siku moja unakumbuka bahari, unakumbuka upepo wa kwao, unasema yaishe. Kitu cha kusini hata ukiketishe vipi, roho yake iko kusini.

— Na mimi je? akauliza Gunvor.

— Wewe?

— Mimi nimetoka ukutani hapo hapo ulipotoka mti. Roho yangu iko wapi?

— Wewe una kahawa, akasema Redio haraka, na wakacheka wote watatu.

Gunvor hakucheka. Alilitua birika kwenye ngazi ya duka kwa kishindo mpaka mbu wakatawanyika.

— Sikilizeni, nyie wazee. Sitaki hadithi. Dada yangu anashuka pale muda si mrefu. Nikimwambia umekufa kwa baridi, atasema nilikwambia. Nikimwambia sijui, atasema nilikwambia. Nataka jambo moja la kweli nimpe mkononi, basi. Kila Oktoba naufungua ukutani. Naulaza chini taratibu kama mgonjwa. Naufunika majani makavu, juu yake matawi ya msonobari, nayapanga moja juu ya jingine. Theluji ya paa inaanguka juu ya hayo. Hapo hata huko nje iwe hasi ngapi, mti uko chumbani kwake, mlango umefungwa. Ndivyo nilivyofanya miaka yote na mnanicheka, Mkusini anazika tena, Mkusini leo kafiwa na nani. Mwaka jana nimefanya vile vile. Kilichobadilika ni nini?

— Nyonga yako, akasema Kipimajoto.

Hilo lilikuwa kweli. Aliteleza Januari barazani, akavunjika nyonga, akapasuliwa hospitali ya mjini. Aliporudishwa Februari alikuwa amelewa dawa za maumivu, hakuona hata mlango wake. Tena hakuweza kuinama mpaka Juni. Binti wa huduma za nyumbani ndiye aliyeuinua mwaridi Mei na kuufunga ukutani.

— Nyonga yangu haimo ndani ya udongo, akasema Gunvor. Nini kingine?

— Basi nitasema mimi, na msinicheke, akasema Redio. Moshi. Moshi wa Valborg! Ule moto wetu wa kuaga baridi, wa mwaka huu mfano wake haujapata kuonekana. Upepo ukaugeuza moshi wote kwako, ukauziba mti pumzi. Maana ulikuwa moshi mzito huo, si mchezo! Matawi yalikuwa mengi, msonobari mkavu kabisa, hata mafuta hatukumwa—

Trekta akamkanyaga mguu.

Mguu wa Trekta si kitu cha kufichika. Gunvor aliuona ukienda na akauona ukirudi.

— Msonobari mkavu, akasema polepole. Mliyatoa wapi?

— Msituni, akasema Trekta.

— Msituni mwezi wa nne matawi ni mabichi. Makavu mliyatoa wapi?

Kipimajoto akafungua kopo lake la ugoro, akalitazama ndani kama aliyeambiwa jibu limo humo. Redio, ambaye hajawahi kukosa habari, alikuwa anahesabu vifungo vya koti lake.

— Evert, akasema Gunvor. Alipomwita kwa jina lake, Redio akajikunyata.

— Yalikuwa kwenye lundo.

— Lundo gani?

— La theluji. Lile alilosukuma Trekta. Kule kwako.

Gari la maziwa likapita. Hakuna aliyelipungia mkono, na dereva akageuka kutazama kumetokea nini.

— Sasa sikiliza, mama, akasema Trekta, na jasho limemtoka kwenye nyuzi kumi na nne. Tuliambiwa gari la hospitali linakuleta na hutakiwi kukanyaga barafu. Ungetaka tuache uwanja vile? Tulitoka sote watatu. Nilisukuma kwa trekta mpaka ukutani, mpaka kokoto zikaonekana! Hapa Granliden hakuna uwanja uliowahi kusafishwa namna ile, muulize yeyote. Gari liligeuza bila kupiga hata reverse mbili. Na yale matawi tulidhani ni takataka za upepo.

— Takataka.

— Yalikuwa yamekaa ovyo—

— Hayakukaa ovyo! Nimeyapanga mimi, kwa mikono hii! Miaka yote mnaniona nayapanga! Mnakaa hapa mnanicheka, mmesahauje kitu mlichokuwa mnakicheka?

Akamgeukia Kipimajoto.

— Henning. Baada ya siku ile ilishuka ngapi?

Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, Kipimajoto hakutaka kusema.

— Ngapi?

— Thelathini na nane. Wiki nzima.

— Udongo uko wazi.

— Udongo uko wazi, ndiyo.

— Na wewe ulijua.

— Nilijua nyuzi, akasema Kipimajoto. Sikuufikiria mti.

— Lakini ulitushukuru! Trekta alikuwa karibu kulia. Ulitupikia mikate ya iliki, uko kwenye magongo yako hivyo hivyo! Ulinishika mkono, mama. Ulilia!

Ni kweli alilia, na hapo ndipo palipomuuma. Alipopata nafuu ya kusogea mpaka dirishani, aliona njia iliyokwanguliwa kutoka barabarani mpaka mlangoni, safi kama sakafu ya kanisa, na ukuta wa theluji umechongwa kando. Macho hayakufika upande wa mwaridi. Yaliishia kwenye njia. Alisema moyoni, kumbe. Kumbe wananihesabu. Jioni ile ile alimpigia Signe, akamwambia kwa kiburi ambacho hajawahi kuwa nacho kwenye simu: usinionee huruma, huku nina watu. Na alipokuwa anayasema hayo, kazi ya watu wake ilikuwa inakamilika kule chini ya dirisha, usiku baada ya usiku.

Angetaka kuwatukana. Yeye si mtu wa kumeza neno, akikasirika hukasirika mbele ya mtu, akimaliza yameisha. Lakini utamtukanaje mtu kwa kukusafishia uwanja? Alilitafuta tusi lenye kutosha na hakuliona.

Basi likaonekana kwenye kona ya kanisa.

— Tutamwambia sisi, akasema Trekta, akasimama. Acha tulipe kidogo. Tutamwambia tuliuona ukichanua, kila mwaka, mbele ya macho yetu. Tuko mashahidi watatu! Hata mahakamani wawili wanatosha.

— Kweli, akasema Redio. Picha ni karatasi, sisi si karatasi.

Gunvor akawatazama. Hakuwa na kingine. Mti umekufa, picha haziaminiki, na yeye mwenyewe neno lake lilishachekwa vya kutosha.

— Semeni mliuona, akasema. Basi. Msitie chumvi.

— Chumvi tunaitoa wapi?

Signe alishuka kwa kushikilia nguzo ya mlango. Alikuwa amefupika. Alivaa koti jepesi la watu wa ukanda wa kwanza, na mbu wa kwanza alimpata shingoni kabla begi halijafika chini. Wakakumbatiana kwa namna ya watu waliozoeana kwenye simu tu. Wazee wakampisha katikati ya benchi, wakampa kikombe.

— Hiki kinachoelea ni nini?

— Jibini, shemeji, akasema Redio.

— Kwenye kahawa, akasema Signe, kama anayeandika ripoti. Halafu akainua macho, akatazama ng'ambo ya barabara. Ndio ule?

— Ndio, akasema Gunvor.

— Mh.

Ile "mh" ilikuwa imesafiri nchi nzima kutoka kusini, usiku na mchana, na haikuchoka hata kidogo.

— Umekufa majira haya ya baridi, akasema Gunvor. Ulikuwa unachanua.

— Najua. Uliniambia.

— Ulikuwa unachanua kweli, dada, akaingilia Trekta. Mimi Rune hapa, nasema kwa kinywa changu. Ulipanda mpaka dirishani.

— Mpaka paani! akasema Redio.

— Evert, akasema Gunvor.

— Mpaka paani, unazunguka bomba la moshi! Basi la watalii lilisimama hapa, Wajerumani wakashuka wote, wakapiga magoti kunusa. Mmoja akaomba uraia.

— Mwaka juzi nilihesabu maua mia nne, akasema Kipimajoto, ambaye hajawahi kuhesabu kitu kisicho na zebaki ndani.

— Mia tisa, akasema Redio.

— Nyuki walikuwa wanatoka Norwei, akasema Trekta, na akaona aibu, akakohoa.

Gunvor alifumba macho. Alipoyafumbua, alikuta dada yake hacheki puani. Signe alikuwa anamtazama mzee mmoja baada ya mwingine, shingo kainyoosha, na usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho Gunvor hakukitegemea kabisa. Alikuwa anataka kuamini. Mtu hasafiri nchi nzima kwa basi, kwa magoti yale, ili akahakikishe fimbo kavu. Alikuwa amekuja kuona kitu cha mama yao kikiwa hai mahali pengine duniani, na sasa alikuwa tayari kupokea hata nusu ya habari, mradi iwe ya kweli.

— Ule wa nyumbani ulikatwa, akasema Signe kwa sauti ndogo. Walionunua nyumba ya mama waliweka kibaraza cha kuchomea nyama. Sikukwambia.

Kisha akawageukia wazee.

— Basi niambieni, wazee wangu, akasema Signe. Maua mia nne, mia tisa, yaacheni hayo. Ua lake lilikuwa na rangi gani?

Lilikuwa swali la mtoto wa chekechea. Wazee walitazamana. Kila Julai ya Mungu benchi hili, ukuta ule, hatua za kuvuka barabara. Trekta akakuna kidevu. Kipimajoto akatazama fimbo, kama zingemnong'oneza. Redio akamtazama Trekta.

— Jekundu, akasema Trekta.

— Ndiyo, akasema Redio kwa kupumua. Jekundu! Jekundu kama damu ya kulungu.

— Jekundu, akasema Kipimajoto. Hilo naweza kuapa.

Signe aliinamisha kichwa taratibu, akakitua kikombe kando na kile kipande chake cha jibini bado kinaelea. Hakusema nilikwambia. Alimgusa mdogo wake mkononi, kwa upole, kama unavyomgusa mgonjwa aliyesema maneno usingizini.

— La mama lilikuwa jeupe, akasema.

Gunvor alitaka kusema kwamba hata hili la huku. Jeupe, kila mwaka, jeupe mpaka usiku wa Julai usio na giza lilikuwa likionekana kutoka kwenye kona ya kanisa. Akayasikia maneno hayo yatakavyosikika yakitoka kwake yeye, saa hii, mbele ya mashahidi watatu walioapa. Akaufunga mdomo. Akashika mkono mmoja wa begi, Signe akashika mwingine, wakaanza kuvuka barabara, mmoja kwa nyonga yake, mwingine kwa magoti yake.

Nyuma yao, kwenye benchi, Redio alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyemaliza kazi nzito.

— Lakini mmeona? akasema. Leo tumesema kitu kimoja.